Ndege Haiuzwi, Dada

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba Mama amepata nafuu ya magoti. Mimi huku sijambo. Kazi ipo, baridi ipo, siku zinakwenda.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na uamuzi wa kikao cha ukoo, kwamba niuze ndege yangu ili jengo limaliziwe, nimeusoma. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu Baba Mdogo hunikata kauli kabla sijafika katikati, na safari hii nataka maneno yangu yafike mpaka mwisho. Wasomee wote, wakubwa kwa wadogo. Usiruke mstari, hata ule utakaomchoma mtu.

Ndege siiuzi.

Fedha za kumalizia jengo nitatuma, na huko chini nitakueleza zitatoka wapi. Lakini ndege siiuzi, na lile neno la Baba Mdogo, kwamba nimefukia fedha za ukoo kwenye chuma chakavu cha kuchezea, limeniuma kuliko ombi lenyewe. Kuomba ni haki yenu, mimi ni wenu. Ila kitu ambacho mtu hajakiona, hajakigusa, hajakisikia hata kinavyonguruma, asikiite takataka mbele ya watoto.

Na chuma chenyewe ni kidogo. Ndege yangu ni Stearman, Modeli 75, ya mabawa mawili-mawili, moja juu ya jingine. Ziliundwa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Ya kwanza iliruka mwaka 1934, na vita vikuu vya pili vilipokwisha mwaka 1945 zilikuwa zimeshatoka kiwandani zaidi ya 8,000. Kiunzi cha kiwiliwili ndicho chuma, mabomba membamba yaliyochomelewa. Mabawa ni mbao. Juu ya vyote hivyo ni kitambaa, Dada, kitambaa kilichoshonwa kwa mkono. Mbele inakaa injini ya Continental R-670, silinda saba zilizopangwa duara kuuzunguka mhimili, nguvu za farasi 220. Rubani anakaa kiti cha nyuma, kichwa wazi, kioo kidogo tu mbele yake cha kukata upepo. Abiria anakaa mbele.

Mimi sikuinunua ikiwa nzima. Niliinunua vipande: kiwiliwili kwenye banda moja, mabawa kwenye jingine, injini sandukuni, na bolti zake zimechanganywa kwenye makopo bila hata alama ya kuonyesha ipi ni ya wapi. Wenzangu kazini walinunua magari mapya. Mimi jioni nilikwenda bandani, Jumamosi bandani, sikukuu bandani. Nilipasua bawa la chini la kushoto nikakuta mbao imeoza kuanzia ndani, mahali ambapo jicho lisingefika mpaka ufungue. Nikaitoa, nikaichonga nyingine, nikaigundisha, nikasubiri gundi ikauke kwa muda wake kamili. Ndege ya mbao haitaki haraka, na hapo ndipo wengi wanaoanza kazi hii huishia njiani.

Halafu ikaja kazi ya kitambaa, na hii Mama ataipenda. Zamani ilitumika pamba au kitani. Siku hizi tunatumia kitambaa cha poliesta kwa sababu hakiozi upesi. Unakivisha bawa, unakigundisha kingoni, kisha unakipiga pasi. Pasi hii hii ya nguo, lakini joto lake umelipima kwa kipimajoto, maana likipungua kitambaa hakikazi, na likizidi kinaharibika. Kikishakaza unachukua sindano ndefu na uzi uliopakwa nta, unapitisha kutoka juu hadi chini kuzunguka kila ubavu wa bawa, unafunga fundo, unasogea kidogo, unafunga jingine, mpaka bawa lote liishe. Usipofanya hivyo, ndege ikiwa angani upepo unaopita juu ya bawa hukinyonya kitambaa kikaachana na mbavu. Mama ndiye aliyenishikisha sindano nikiwa mdogo, ninyi mkinicheka kwamba ile ni kazi yenu wasichana. Mwambie mkaguzi alipokuja na tochi yake na kioo chake cha kuchungulia, alipita mshono hadi mshono, akanyamaza, kisha akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu nyumbani. Hakunirudisha nyuma hata kwa fundo moja. Jambo hilo najivunia kuliko cheti chochote nilichonacho, na vyeti ninavyo.

Tena kuna hili ambalo Baba Mdogo halijui. Mwaka 1941 pale Tuskegee, Alabama, jeshi la Marekani lilianza kuwafundisha vijana weusi urubani, wakati wakubwa wengi wa jeshi hilo waliamini kwamba mtu mweusi hawezi kurusha ndege ya vita. Masomo yao ya kwanza ya angani waliyapata kiwanja cha Moton Field, na ndege waliyoanzia ilikuwa Stearman. Wa kundi la kwanza walioingia walikuwa 13. Machi 1942 walihitimu 5, mmoja wao Benjamin O. Davis Mdogo, ambaye baadaye alifika ujenerali. Sikuambii kwamba hii yangu ndiyo waliyoirusha wao, sina ushahidi huo na siwezi kujipamba kwa uongo. Nakuambia ni aina ile ile, usukani ule ule, tabia ile ile. Ninapokaa kiti cha nyuma najua ni kitu gani kiliwekwa mikononi mwa vijana wale kupimwa nacho, na najua walikishinda.

Siku hizo mwalimu alikaa kiti cha mbele na mwanafunzi nyuma. Hapakuwa na redio baina yao. Palikuwa na bomba la mpira: mwalimu anasemea upande wake, sauti inaingia masikioni mwa mwanafunzi, basi. Mwanafunzi hakuwa na pa kujibia. Hata akiwa na hoja nzuri vipi, alipokea tu. Dada, kikao chenu cha simu kilikuwa bomba lile. Nilisikia kila mtu, hapakuwa na pa kunisikia mimi.

Nirudi kwenye ndege. Ungekuwa hapa ningekuonyesha inavyowashwa, kwa maana Salma ameniuliza ndege isiyo na betri inawakaje, na jibu lake nimeliweka mwisho. Injini za duara zina ada yake. Ikikaa siku kadhaa, oili huchuruzika polepole na kujaa kwenye silinda za chini. Oili haibanwi. Ukiiwasha hivyo hivyo, pistoni inapanda, inakuta oili imeziba nafasi, na mkono wa pistoni unapinda. Kwa hiyo kabla ya yote nalizungusha pangaboi, yale mapanga ya mbele yanayoivuta ndege, kwa mkono, taratibu, nikisikiliza kwa viganja. Likigoma silisukumi kwa nguvu wala silirudishi nyuma. Nafungua plagi ya silinda ya chini, namwaga oili, naanza upya. Hapo ndipo mwenzangu anachomeka mpini ubavuni na kulizungusha gurudumu zito lililo ndani. Linaanza kwa uzito, kisha linashika kasi, sauti yake inapanda mpaka inakuwa mluzi. Anachomoa mpini, anakaa kando, mimi navuta, gurudumu linashikana na injini, silinda moja inakohoa, ya pili, moshi wa buluu unatoka, halafu zote saba zinaitikia. Nimeirusha miaka yote hii na bado moyo unanidunda pale.

Ikiwa ardhini huoni mbele hata kidogo. Pua imeinuka, mkia uko chini kwenye gurudumu dogo, kwa hiyo unakwenda kwa kupindapinda kushoto na kulia ili uone njia. Marubani waliozoea ndege za kisasa huniomba niwajaribishe, na wengi hufedheheka wakati wa kutua. Sababu ni hii: uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makubwa. Mkia ukianza kwenda kando, hautaki kurudi, unataka kuipita pua. Ukichelewa kidogo kwa miguu kwenye pedali za usukani wa mkia, ndege inazunguka papo hapo, bawa linapiga chini, na vyuma vinavyoshika magurudumu huenda vikavunjika. Stearman ni mbaya zaidi kwa hilo kwa sababu magurudumu yake yamekaribiana. Miguu haipumziki mpaka isimame kabisa na injini izimwe. Upepo wa kando ukivuma, wenzangu wengi huacha zao bandani. Mimi naitoa. Wanasimama mlangoni kunitazama nikitua, gurudumu la upande wa upepo kwanza, kisha la pili, kisha mkia. Uwanja mzima unajua ni nani anatua.

Hayo nimeyapata kwa kurusha ndege nyingi za pangaboi kabla ya hii. Unakumbuka ile picha niliyowatumia nimesimama chini ya DC-3? Baba aliiweka ukutani, sijui kama bado ipo. Ndege ile iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 huko Santa Monica, California, tarehe ile ile ambayo ndugu wawili Wright walikuwa wameruka na ndege yao ya kwanza ya injini miaka 32 nyuma yake. Shirika la American Airlines lilimwomba Donald Douglas, mwenye kiwanda cha ndege, ndege yenye vitanda vya abiria kulala safari ya usiku, na ndani ya ombi hilo ikazaliwa DC-3. Injini mbili, na kwa nyingi kati yake kila injini ina silinda 14 katika safu mbili, farasi kama 1,200 kila upande. Vita vilipokuja ziliundwa kwa maelfu, na hadi leo zipo zinazofanya kazi.

Mimi nilikaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, tukibeba mizigo usiku. Mvua ikinyesha nje ilinyesha na ndani pia, kioo cha mbele kilivuja juu ya magoti yetu, tukatandika koti la mvua na kuendelea. Kampuni yenyewe ilitutendea isivyostahili katika mishahara, na mengine ya miaka ile hayana haja ya karatasi. Lakini ile ndege haikunidai chochote. Kapteni wangu, mzee wa maneno machache, alinifundisha kuzisawazisha injini mbili kwa sikio. Zikitofautiana kidogo tu mizunguko, unasikia mvumo unapanda na kushuka, uuu, uuu, unakera hadi kwenye meno. Unagusa wenzo wa pangaboi moja, kidogo, kidogo, mpaka mvumo unanyooka na kiti kinatulia. Siku aliyonisogeza kiti cha kushoto, cha kapteni, hakusema hongera. Alikaa kulia, akafunga mkanda, akaniuliza tunangoja nini. Marubani wenye ukapteni wa DC-3 ni wachache duniani siku hizi. Ndugu yenu ni mmoja wao, na sijamsikia hata mtu mmoja kikaoni akilitaja hilo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikuwahi kulisema.

Kabla ya Stearman nilikuwa na ndege nyingine. Ya njano, ndogo, Piper J-3, Cub wanaiita. Ziliundwa Lock Haven, Pennsylvania, tangu 1938 hadi 1947, karibu 20,000. Farasi 65 tu. Ukiwa peke yako unakaa kiti cha nyuma ili uzito ukae sawa. Kipimo cha mafuta ni kizibo kinachoelea ndani ya tangi na waya uliosimama juu yake. Waya unatokeza kwenye kifuniko mbele ya macho yako, na kadiri unavyozama ndivyo petroli inavyokwisha. Hakuna cha kuharibika. Mlango unafunguka ukiwa angani, nusu juu nusu chini, miguu inapata hewa, mashamba yanapita chini yako polepole hata unaweza kumwona mtu akikupungia mkono. Ukipambana na upepo wa mbele, magari barabarani yanakupita. Ilikuwa ndege yangu ya kwanza kuimiliki, na kwa kweli sijapata kuipenda nyingine namna ile, hata hii.

Mwaka ule Mama alipolazwa na ninyi mkanipigia usiku, niliiuza wiki ile ile. Sikutafuta bei nzuri, nilimpa aliyekuwa na fedha mkononi. Mkapata, Mama akatibiwa, akapona, tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyeniuliza zimetoka wapi. Mlisema tu, ndugu yetu ametuma. Sikuwaambia kwa sababu kwa Mama mtoto hahesabu, na nisingeliandika leo kama Baba Mdogo asingesimama na kusema kwamba ndege zangu hazijawahi kumsaidia mtu yeyote katika ukoo huu. Msomee mstari huu mara mbili. Mama anatembea leo kwa sababu ya ndege.

Ndiyo maana hii ya pili haiguswi. Kwa uhai wa mtu niliuza, na ikibidi kwa uhai wa mtu nitauza tena, bila kikao. Kwa madirisha na vigae siuzi.

Na Shangazi. Shangazi ndiye aliyenivunja moyo. Alipokuja kunitembelea nilimpandisha kiti cha mbele, nikamfunga mikanda mwenyewe, nikamvalisha kofia ya ngozi na miwani. Mwanzo alishika vyuma vya pembeni kwa mikono miwili. Tulipovuka mita 500 hivi, mikono ikaachia. Nikailaza ndege upande wa kulia ili aone mto, akapiga kelele, nikadhani ni hofu, nikainyoosha. Akageuka nyuma akanionyesha kwa kidole: tena! Nikailaza kushoto, akataka tena. Tulishuka anacheka na machozi yamemkauka mashavuni kwa upepo, akanikumbatia, akasema Baba angeona hii. Maneno yake hayo. Basi kikaoni, Baba Mdogo anasema chuma chakavu, Shangazi kimya. Dada, muulize kwa niaba yangu, kwa heshima zote: kwa nini hakusema alichokiona? Namngoja anijibu mwenyewe, kwa mdomo wake.

Msidhani nawasema tu. Nawakumbuka mno. Huwa naruka jioni, upepo ukitulia, kwa sababu hapo hewa ni laini na ndege haitaki kushikiliwa. Nikiwa juu nahesabu saa za kwenu, najua ni nani amekaa wapi na nani anamwita nani ndani. Mara nyingi huigeuza pua ielekee huko kwenu, nikaenda hivyo kitambo, ingawa najua tangi lake ni la saa chache tu na bahari iko katikati. Kisha narudi kutua, kwa kuwa giza halimngoji mtu.

Haya, fedha. Kuanzia mwezi ujao nitatuma kila mwezi kutoka mshahara wangu, kupitia kwako wewe, siyo kupitia kwa Baba Mdogo. Hii si siri, mwambie. Nimekubali pia kuwafundisha marubani wawili wa hapa kurusha ndege za gurudumu la mkiani, na watakachonilipa kitakwenda kwenye jengo chote. Kwa hiyo hiyo ndege aliyoiita ya kuchezea ndiyo itakayoezeka. Paa kwanza, madirisha baadaye. Fundi alipwe kwa kazi aliyomaliza, asipewe mbele. Na ninataka kuona risiti, nisamehe kwa kusema hivyo, unajua kwa nini.

Sasa Salma. Swali lake ni zuri, kuliko yote niliyoulizwa kikaoni. Anauliza ndege isiyo na betri inapata wapi moto wa kuchoma petroli. Mwambie hivi: nyuma ya injini kuna magneto. Ndani yake mna sumaku inayozungushwa na injini yenyewe, karibu na koili ya nyaya. Sumaku ikizunguka, umeme unazaliwa ndani ya nyaya. Pointi, yaani swichi ndogo iliyo ndani yake, zinafunguka ghafla, umeme unaruka kwenye plagi, cheche inatoka. Injini ikizunguka, cheche zipo, haihitaji kuazima umeme popote. Tena magneto ziko mbili na kila silinda ina plagi mbili, moja ikifa nyingine inakufikisha chini. Kabla ya kuruka nazima moja nasikiliza, mizunguko inapungua kidogo tu, nairudisha, nazima ya pili nasikiliza. Ikipungua sana, siruki siku hiyo. Na aliweke hili akilini hata kama atakuwa rubani mkubwa: asiliguse pangaboi la ndege yoyote akidhani kwamba swichi imezimwa. Swichi huizima magneto kwa waya mmoja unaoiunganisha na mwili wa injini, na waya huo ukikatika magneto inabaki hai na hakuna taa ya kukuonya. Watu wamepoteza mikono hivyo.

Mwambie pia ahadi yangu iko pale pale. Amalize kidato, hesabu na fizikia zisishuke, nitamtumia tiketi na ataanzia kwenye hii hii, kiti cha mbele kwanza.

Msalimie Mama, mwambie nitampigia Ijumaa yeye peke yake. Msalimie shemeji. Shangazi msalimie pia. Baba Mdogo mpe shikamoo yangu, na umwombe aniletee nakala ya zile hati za kiwanja kabla hajasafiri. Nilimwomba tangu mwaka jana, bado nazingoja, na sitatuma fedha ya paa kabla sijaziona.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rubani